Aliyepanda Ngazi Peke Yake

"Hivi, huyu aliyerudi ni shemeji yako kweli, au wametuletea mtu mwingine aliyevaa sura yake?"

Jirani mshonaji aliuliza hivyo akiwa na pini mbili mdomoni na mkono mmoja kwenye cherehani. Mama Funguo alikuwa amempelekea sketi ya kupunguza kiuno, maana tangu msiba nguo zake zote zilikuwa zikimpwaya.

"Ni yeye," alijibu. "Nani tena?"

"Nauliza tu, dada yangu. Yule wa zamani alikuwa akipita hapa mtaa mzima unajua. Alikuwa hawezi kusalimia mtu bila kuwatukana matajiri kwanza. Huyu wa sasa ananiuliza habari za mgongo wangu. Mtu akitoka jela na adabu nyingi kiasi hicho, mimi najiuliza, amefundishwa au amenunuliwa?"

Mama Funguo alicheka kidogo, kicheko cha kufunga mazungumzo, akaaga. Lakini swali lilimfuata njiani, likaingia naye ndani, likakaa mezani pamoja naye kama mgeni asiyejua kuaga. Maana jirani hakuwa amesema jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria. Alikuwa ameliona mapema kuliko wote. Kuona ndiyo kazi yake.

Alikuwa mchambuzi kwenye kiwanda cha dobi. Mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya mahoteli vilifika kwa magari, vikamwagwa mbele yake, na yeye akatenga: cha damu huku, cha mafuta kule, kilichochanika kando. Doa lililojificha kwenye mkunjo halikumpita. Jina la Mama Funguo alipewa kwa sababu ndiye aliyekuwa akifungua mlango wa pembeni kila asubuhi. Alifika kabla ya wote, akawasha taa, akasimama mbele ya meza yake tupu na kusali, kisha ndipo kazi ikaanza.

Mumewe alikuwa mchochea boila pale pale. Kizibo cha kupumulia mvuke kilikuwa kinakwama, alikuwa amesema, wenzake walikuwa wamesema, na Meneja alikuwa ameahidi kwamba kingebadilishwa mwaka uliofuata. Siku moja mvuke ukatafuta njia yake mwenyewe. Alifika hospitali akiwa hai, akalazwa juu ya mashuka ambayo huenda mkewe mwenyewe aliyachambua, na hakurudi.

Shemeji, mdogo wa marehemu, alikuwa mpiga pasi wa rola na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Siku ya maziko alisimama kaburini, sauti imemkatika, akasema, "Kaka, damu yako haitalala." Wiki ile ile wakagoma. Shemeji alipanda juu ya pipa getini akawaita wenye kiwanda kupe, akawaita wanyonya damu, akasema siku ya wavujajasho imefika na ukuta hauangushwi kwa maombi. Mawe yakaruka. Madirisha yakavunjika, mlinzi wa getini akapoteza jicho la kushoto, na Shemeji akapelekwa jela kwa uchochezi. Alifungwa msimu wa mvua, na mvua ikaja tena kabla hajatoka.

Sasa alikuwa amerudi, na kiwanda kilikuwa kimemrudisha kazini. Hilo lenyewe lilitosha watu kutazamana. Walimrudisha kwa nini? Alikuwa akiongea polepole. Hakumwita Meneja kupe tena; alimwita Meneja. Na nyumbani kwa Mama Funguo, alikopewa chumba cha mbele kwa kuwa hakuwa na mke wala pa kupanga, alikuwa ameanza kuosha vyombo. Zamani alikuwa akihutubia juu ya usawa wa binadamu huku sahani yake ikimsubiri mwanamke aiondoe. Sasa aliiondoa mwenyewe, na ya shemeji yake pia, akasugua sufuria mpaka ikang'aa. Mama Funguo alimtazama akisugua, akajisemea moyoni: huyu anataka nini?

*

Kiwandani pale ofisi ya Meneja ilikuwa juu, na ilipandwa kwa ngazi ya chuma iliyosimama katikati ya ukumbi. Hapakuwa na njia nyingine. Aliyepanda alionekana na kila mtu, na hatua zake zilisikika hata kwenye kelele za mashine. Kwa hiyo chama kilikuwa na sheria yake moja iliyotangulia nyingine zote: hakuna kupanda ngazi peke yako. Wanapanda wawili, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikia, ili baadaye asitokee mtu wa kusema neno ambalo halikusemwa. Mzee mmoja wa kukausha aliwahi kupanda peke yake kuomba ruhusa ya kumuuguza binti yake. Walimnunia hata akaomba kuhamia stoo. Hakuna aliyempasia sabuni, hakuna aliyemjibu salamu. Na aliyeitunga sheria ile, akaisimamia bila huruma, alikuwa Shemeji.

Ndiyo maana siku ile, hatua za mtu mmoja ziliposikika juu ya chuma, Mama Funguo hakuinua kichwa mara moja. Aliogopa kuinua.

Bibie wa Pasi, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi aliyefanya kazi rola la pili, alisogea hadi kwenye meza ya uchambuzi akijifanya anatafuta kitambaa.

"Dada," alinong'ona, "macho yangu yana mvuke, au yule ni Mwenyekiti?"

"Ni mvuke," alisema Mama Funguo.

"Basi mvuke umevaa shati la Mwenyekiti."

Alikuwa ni yeye. Alipanda bila kuangalia nyuma wala pembeni, kama mtu anayekwenda chooni kwake. Mlango wa juu ukafunguliwa, ukafungwa. Ukumbi mzima ulikuwa unafanya kazi na hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Mama Funguo alitupa kitambaa cha hoteli kwenye rundo la hospitali, kosa ambalo hakukumbuka kulifanya maishani, akakitoa haraka kabla hajaonwa.

Shemeji alishuka baada ya muda mrefu. Alikuwa anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Kapewa chai," alisema Bibie wa Pasi. "Chai ya juu ina sukari, jamani. Inalainisha hadi koo la mapinduzi."

Watu wawili watatu walicheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha. Shemeji alirudi kwenye rola lake, akakunja mikono ya shati, akaingiza shuka. Hakumweleza mtu kitu. Mama Funguo alimkazia macho siku nzima iliyobaki, kama anavyokazia shuka jeupe mno, lile ambalo weupe wake ndio unaokutia wasiwasi.

*

Fundi Bomba alimvizia uani, penye koki, wakati wa kufunga kazi. Huyu alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa asiyoivua hata mbele ya Meneja. Marehemu alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Wakati Shemeji yuko jela, yeye ndiye aliyekuwa akimletea Mama Funguo kuni, na hakuwahi kutaka shukrani.

"Umeona," alisema.

"Nimeona mtu akipanda ngazi."

"Usinichezee, shemeji." Naye alimwita hivyo kwa sababu ya marehemu. "Mgomo unaanza Jumanne. Siku hiyo tunaijua watu watano wa kamati. Leo mchana Meneja ameagiza sabuni nusu ya kawaida. Nimeyashusha magunia mwenyewe. Nani alimwambia apunguze?"

Mama Funguo alifungua koki akanawa mikono iliyokwisha kuwa safi. "Unataka nini?"

"Ufunguo wako. Jumapili boila limelala, hakuna mtu. Ni saa moja tu ya kazi, na mtambo ule hautawaka tena mpaka wanunue mwingine. Wakafue kwa mikono yao laini."

"Hautawaka?"

"Hautawaka."

"Na ukiwaka?"

Fundi Bomba alicheka. "Nimefanya kazi na mabomba yale miaka yangu yote. Nikisema hauwaki, hauwaki."

Mama Funguo alikuwa amewahi kusikia sauti ya uhakika kama ile. Ilikuwa sauti ya Meneja, akisema kizibo kitadumu mwaka mwingine. Lakini hakusema. Yule mchochea boila mpya, mwenye watoto mapacha, ndiye atakayekuja Jumatatu alfajiri na kibiriti mkononi. Hilo nalo hakulisema.

"Huyo Shemeji yako ameuza damu ya mumeo," Fundi Bomba alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Sijui kwa bei gani. Mimi siuzi. Nipe ufunguo Jumapili, baada ya kikao. Kikao chenyewe ni cha kumvua uenyekiti, ujue hivyo. Na tafadhali, usimwage mtama. Akijua yeye, ghorofani watajua kabla hajameza mate."

*

Jioni ile walikula bila maneno. Shemeji alikula kidogo, akanyoosha mkono kuchukua sahani yake.

"Iache," alisema Mama Funguo. "Kaa."

Alikaa.

"Ulifuata nini juu?"

"Nilikwenda kumwambia Meneja kwamba tutagoma Jumanne."

Alisema hivyo hivyo, macho makavu. Mama Funguo alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa na maswali ya kuubana uongo kila pembe. Kwa ukweli hakuwa amejiandaa.

"Umemwambia siku?"

"Siku, na sababu: kizibo hakijabadilishwa mpaka leo. Na kwamba vitambaa vya hoteli hatutavigusa, ila mashuka ya hospitali tutaendelea kuyafua, bila malipo, mgomo uishe usiishe. Mgonjwa hajatukosea."

"Wewe shetani amekupitia?"

"Labda." Alitabasamu kidogo, akaona tabasamu halikupokelewa, akaliacha. "Shemeji, kule ndani kulikuwa na sanduku la vitabu vya msaada. Kimoja hakikuwa na jalada, hata aliyekiandika simjui. Kilikuwa kinaeleza habari za watu waliokataa kutii amri mbaya, na wakakataa vilevile kumpiga aliyewaamuru. Mara ya kwanza nilikitupa ukutani. Nilisema hiki kimeandikwa na tajiri, ili maskini wapigwe wametulia. Nikakiokota kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma. Nikawa nabishana nacho usiku na mchana."

"Na kikakushinda."

"Hakikunishinda. Aliyenishinda ni mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Yule wa getini. Wa jicho. Alikuwa anakuja kunitazama."

Mama Funguo aliweka kijiko chini. "Mlinzi wa Meneja alikuwa anakuja kukuona jela?"

"Mara ya kwanza alikuja nimwone. Alisema anataka niangalie lile tundu vizuri. Nikaliangalia. Mara nyingine akaja na sabuni, akakaa tu. Mshahara wake ni mdogo kuliko wako, ulikuwa unajua? Mimi nilikuwa nimesema juu ya pipa kwamba tunampiga bepari. Jiwe likatoka likampata yeye. Nikaanza kuhesabu mawe yetu yote ya nyuma, migomo yote, nikakuta hakuna hata moja lililowahi kufika ghorofani. Ghorofani hakufikiki kwa jiwe. Kunafikika kwa ngazi."

Yalikuwa maneno mazuri. Hayo ndiyo yaliyomtia shaka zaidi. Marehemu mumewe hakuwa na maneno mazuri hata moja, na hakuwahi kumdanganya.

"Nani alikuwa anamlipia nauli?" aliuliza.

"Nani?"

"Mlinzi. Jela ni mbali. Mshahara wake ni mdogo, umesema mwenyewe. Nani alikuwa anamlipia nauli ya kuja kukaa tu?"

"Sikuwahi kumuuliza," alisema Shemeji.

"Mimi ningeuliza."

Nje jirani alikuwa anapiga cherehani, tatata, akiacha, akianza tena, kama naye anasikiliza.

"Wewe unasali kila siku," Shemeji alisema taratibu. "Unaomba usamehewe kama unavyosamehe. Mimi nilikuwa nakucheka, nilidhani ni maneno ya kuwalaza watu. Leo najaribu kuyafanya, na wewe unanitazama kama mwizi."

Mama Funguo alisimama, na damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. "Usiniletee sala yangu mezani kama hoja ya mkutano. Mimi na Mungu tuna mazungumzo yetu kuhusu Meneja, na hayajaisha. Wewe uliahidi mbele ya kaburi. Nataka kujua jambo moja tu: umeuza?"

"Sijauza."

"Hivyo ndivyo angesema na aliyeuza."

"Najua," alisema Shemeji, akachukua sahani zote mbili akaenda kuziosha.

Usingizi haukumjia Mama Funguo. Alipiga magoti hata yakamuuma, na hakupata jibu lililomnyookea. Akimpa Fundi Bomba ufunguo na Fundi akikosea, kuna mwanamke mwenye mapacha atakayevaa nguo zinazompwaya. Akimwambia Shemeji, na Shemeji akiwa ndivyo wanavyosema, Fundi Bomba atakwenda jela kwa mdomo wake yeye, mtu aliyemletea kuni. Na akinyamaza, ufunguo bado uko mikononi mwake.

*

Kamati ilikutana kwake Jumapili baada ya ibada, kwa sababu nyumba ya mjane hakuna anayeishuku. Walikuwa watano na yeye mwenyewe: Shemeji, Fundi Bomba, Bibie wa Pasi, dereva wa gari la mashuka, na yule mzee wa kukausha aliyekuwa amehamishiwa stoo, aliyerudishwa kwenye kamati Shemeji alipokuwa kifungoni. Madirisha yalifungwa. Joto lilikuwa la kufulia.

Fundi Bomba hakukaa. "Sina maneno mengi. Mwenyekiti, umepanda ngazi peke yako?"

"Nimepanda."

"Umemwambia siku ya mgomo?"

"Nimemwambia."

Dereva aliguna kama mtu aliyekanyagwa. Walikuja kumbana mtu, na mtu mwenyewe alikuwa amejibana.

"Jamani, hata kukana kidogo?" alisema Bibie wa Pasi. "Tufurahi kidogo basi!"

"Mimi nilinuniwa kwa sababu ya homa ya mwanangu," mzee wa stoo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilimkata kila mtu. "Ulikuja mwenyewe ukaniambia, mzee, ngazi haina huruma. Mimi nilipanda kuomba. Wewe umepanda kufanya nini?"

Shemeji alisimama akamwangalia mzee. Ndiyo mara ya kwanza Mama Funguo alimwona akikosa mahali pa kuweka mikono.

"Nilikukosea," alisema. "Na hawa nao nimewakosea. Nilipeleka ukweli juu kabla ya kuuleta chini. Nilijua mkijua mtanizuia, nikaona bora niwahi. Hiyo ni hila, na mimi najidai nimeacha hila. Hapo mnayo haki ya kunivua. Lakini nililomwambia siliondoi."

"Kupe amekuwa mtu lini?" dereva aliuliza. "Tuambie tarehe."

Wakacheka. Shemeji akawasubiri wamalize.

"Sijaacha hata neno moja la zamani," alisema. "Kiwanda ni cha wanaokifanyia kazi. Nilisema kabla ya jela, na nikirudishwa jela nitasema. Lililobadilika ni hili: zamani nilidhani Meneja ana nguvu, na sisi tutafute nguvu ya kumzidi. Hana. Ana ngazi na kiti. Rola hajui kulizungusha, boila hajui kulichochea. Nguvu yote anayotutisha nayo tunaipeleka wenyewe kila asubuhi, Mama Funguo anaifungulia mlango. Tukiizuia, na hatujamgusa mtu, atawaambia nini askari? Nipigieni watu wanaofulia wagonjwa bure? Lakini tukirusha jiwe moja tu, tumempa cha kusema. Na nyie fikirini mbele. Siku tukikichukua kiwanda kwa rungu, lazima mtu ashike rungu ili tusinyang'anywe. Nani atalishika? Na siku wewe, dereva, utakapobishana naye?"

Dereva alimtupia jicho Fundi Bomba, akaliondoa haraka.

"Maneno ya kitabu," alisema Fundi Bomba. "Kaka yako amekufa na wewe unatusomea kitabu. Tupige kura. Na baada ya kura, kuna wenye kazi ya kufanya." Aligeuza kichwa kidogo tu kuelekea kwa Mama Funguo, kiasi cha mtu mmoja kuelewa.

Mama Funguo alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Aliangalia kofia ya Fundi Bomba. Aliangalia mikono ya Shemeji, ambayo sasa ilikuwa imetulia. Hakuwa na jibu hata moja kati ya yale aliyoyaomba. Hakujua nani aliyelipa nauli. Hakujua chai ya juu ilinywewa au haikunywewa. Alichojua ni kwamba Jumatatu alfajiri mtu atashika kibiriti, na kwamba hilo lilimhusu yeye kuliko uenyekiti wa mtu yeyote.

"Kabla ya kura," alisema, "nina jambo. Fundi ameniomba ufunguo. Anataka kuingia leo kuliharibu boila. Mimi nimekataa. Nimekataa sasa hivi, hapa, mnaposikia."

Bibie wa Pasi alishika mdomo kwa mikono miwili. Uso wa Fundi Bomba ulibadilika rangi, ukawa kama kitambaa kilichochemshwa sana.

"Unajua umefanya nini?" Fundi Bomba alisema kwa sauti ya chini. "Mbele ya huyu? Umenipeleka ghorofani kwa miguu yangu."

Wote wakamgeukia Shemeji. Hata Mama Funguo. Alimtazama alivyotazama madoa miaka yote, mkunjo kwa mkunjo, akisubiri.

"Haya, Mwenyekiti," alisema dereva. "Wewe si mtu wa ukweli siku hizi? Utampelekea na huu?"

Shemeji alimgeukia Fundi Bomba.

"Wangu naweza kuupeleka," alisema. "Wa Fundi ni wa Fundi. Akitaka kuusema, atapanda mwenyewe. Jina lake halitatoka kwangu, hata wakinirudisha ndani."

"Na boila?" aliuliza Mama Funguo. "Leo hakupata ufunguo, kesho atapata njia nyingine. Boila utalifanyaje?"

"Nitakaa nalo. Kuanzia leo mpaka mgomo uishe. Nitaweka mkeka mle ndani, mbele ya mlango wa moto. Anayetaka kulivunja aje, simpigi, simshiki, wala siiti mtu. Ila itabidi aanze na mimi. Na Meneja akija kuniondoa, nitamwambia hivyo hivyo. Sitoki mpaka kizibo kibadilishwe."

Chumba kile ndimo alimounguzwa kaka yake. Tangu atoke jela hakuwahi kukanyaga mle. Mama Funguo alikuwa ameliona hilo pia, jinsi alivyokuwa akizunguka uani ili asipite mlangoni pake. Sasa jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Kama ni mchezo, basi alikuwa anauchezea mahali penye bei kubwa.

"Peke yako?" alisema Mama Funguo.

"Nani atakubali kukaa nami?"

"Mimi."

Aliona uso wa Shemeji ukifunguka, akawahi kuufunga.

"Usifurahi. Sikai kwa sababu nimekuamini. Nakaa nikuchunge. Meneja akija, kila neno utakalomwambia nitalisikia kwa masikio yangu mawili. Na huyo mlinzi wako akija na sabuni, nitamuuliza nauli."

Bibie wa Pasi alicheka, kicheko kilichomtoka bila ruhusa, akakikata. Mzee wa stoo alikuwa anatikisa kichwa polepole, na haikujulikana kama anakubali au anasikitika. Dereva alisema basi kura isubiri, na hakuna aliyempinga, wala hakuna aliyesema ndiyo.

Mama Funguo akamgeukia Fundi Bomba. "Kuni ulizoniletea sijazisahau," alisema. "Na aliyekufa alikuwa wako kama alivyokuwa wangu. Njoo ukae na sisi. Watatu."

Fundi Bomba alimtazama. Akamtazama Shemeji, toka miguuni hadi usoni, kama mtu anayepima bomba kabla ya kulikata. Midomo yake ilicheza. Ilionekana kana kwamba neno liko karibu, na wote wakalisubiri, na Mama Funguo alilisubiri kuliko wote, maana kwa neno hilo angejua usiku ule alale na jicho lipi wazi.

Fundi Bomba akavua kofia yake, ile asiyoivua hata mbele ya Meneja. Akaishika mkononi, akafungua mlango mwenyewe, akatoka bila kusema neno jingine, na hakuufunga.